Ngojaneni Kwenye Mvua



Masomo ya kutafakari: 1Kor 11:17-34, Yn 21:1-14

Mpendwa kijana mwenzangu, leo nataka tuongee habari za theluji. Najua unacheka. Theluji na Mbeya wapi na wapi? Nivumilie kidogo, tutafika.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini baridi tunaijua. Mwenzetu wa Dar akishuka stendi ya Mbeya au Iringa mwezi wa saba na fulana yake nyepesi, tunamwonea huruma kabla hajatusalimia. Kule Kitulo, kwenye mita kama 2,600, mwezi Juni na Julai unaamka unakuta majani yamefunikwa sakitu nyeupe, na mkulima wa viazi anatoka nje kimya kuangalia shamba lake. Hiyo tunayo. Ila theluji ya kuvaa mbao miguuni na kuteleza juu yake, hiyo hatuna.

Lakini Neno la Mungu linayo. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 3, vijana watatu wametupwa katika tanuru la moto, na humo motoni wanaanza kuimba. Wanavialika viumbe vyote vimtukuze Bwana, na katika orodha yao wanazitaja baridi, barafu na theluji. Anayesali Masifu ya Asubuhi anaujua wimbo huo, kwa kuwa Kanisa linautumia siku za Dominika. Fikiria: vijana wako motoni, wanaikumbuka theluji! Kwao hakuna hali ya hewa ambayo haiwezi kugeuka kuwa sala. Tukianzia hapo, twende kwenye hadithi yenyewe.

Mkenya kwenye theluji iliyolowa

Mwaka 1998 Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Nagano, Japani. Kenya, nchi ya wakimbiaji, ilipeleka mtu wa kushindana kwenye theluji kwa mara ya kwanza. Jina lake Philip Boit, kijana wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800. Miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuvaa zile mbao. Alipelekwa Finland kujifunza, na akirudi nyumbani alifanya mazoezi kwa mbao zenye magurudumu, barabarani, watu wakimshangaa.

Mbio zake hazikuwa zile za kushuka mlima kwa kasi ambazo tunaziona kwenye video. Zilikuwa kilomita 10 za kupanda na kushuka, kwa nguvu za mikono na miguu yako mwenyewe. Tuseme ni mbio za nyika, ila juu ya theluji. Katika mtindo ule mchezaji hupaka nta chini ya mbao zake, ili zishike anapojisukuma na ziteleze anapoachia. Nta yenyewe huchaguliwa kulingana na baridi ya siku ile. Sasa siku hiyo, tarehe 12 Februari, mvua ikanyesha. Theluji ikalowa, ikawa nzito. Wanaoteleza wakati theluji inapoanza kuyeyuka wanaijua shida hii: asubuhi ni ngumu kama jiwe, baadaye inakuwa uji, na ikilowa inaganda chini ya mbao badala ya kuziacha ziende.

Wewe uliyewahi kutembea Rungwe au Kilolo wakati wa mvua unaelewa bila maelezo zaidi. Unaanza safari na buti ya nusu kilo. Baada ya hatua 20 tope limeshika, buti ina kilo mbili. Unafuta kwenye jiwe, unapiga hatua tatu, limeshika tena. Haijalishi una pumzi kiasi gani. Ardhi yenyewe imekataa.

Boit alianguka, akainuka. Akaanguka tena, akainuka. Wakati huo mbele kabisa, bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, alikuwa ameshamaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Dhahabu ni yake. Wengine wakaingia mmoja mmoja, wote wakaisha, isipokuwa mmoja. Boit alikuwa bado kwenye mvua.

Kawaida ingekuwaje? Mshindi angeenda kubadilisha nguo zilizolowa, apewe kitu cha moto, apande jukwaani, wimbo wa taifa upigwe. Dæhlie hakwenda. Waandaaji walitaka kuendelea na sherehe, yeye akasubiri pale pale mwisho wa njia, mpaka Mkenya atokee. Boit aliingia kwa dakika 47 na sekunde 25, wa 92, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Bingwa akamfuata, akamkumbatia. Dakika 20 mtu wa kwanza alikuwa amesimama kwenye baridi kwa ajili ya mtu wa mwisho.

Baadaye Boit alipopata mtoto wa kiume alimpa jina Dæhlie. Na hakuishia Nagano: alirudi kwenye Olimpiki ya 2002 huko Salt Lake City, na ya 2006 huko Torino, Italia. Huo mji wa Torino uuweke pembeni, tutaurudia.

Neno moja la Paulo

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilimfikiria sana Boit. Uvumilivu wake ni mahubiri tayari, na umeshasikia mahubiri mengi ya kutokata tamaa. Leo naomba tumtazame yule mwingine. Yule aliyeshinda akabaki kwenye mvua.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa hasira. Walikuwa wanakutana kwa ajili ya Meza ya Bwana, lakini wenye nafasi walifika mapema na vyakula vyao, wakala, wakanywa mpaka wengine wakalewa. Maskini wakabaki na njaa na aibu. Paulo anawaambia waziwazi kwamba huko si kula chakula cha Bwana. Halafu, baada ya maneno mazito kuhusu kuupambanua Mwili wa Bwana, dawa anayowapa ni rahisi hata unaweza kuipita bila kuiona, mstari wa 33: wakikutanika kula, wangojane.

Basi. Hakuwaambia wafunge siku 40, wala hakuanzisha chama kipya. Aliwaambia wangojane.

Jamani, tunalisoma neno hili kama suala la adabu ya mezani. Kwa Paulo ni suala la Ekaristi. Ukimla Bwana bila kumngoja ndugu yake, hujajua unakula nini. Na sisi tujiulize, maana tuna haraka nyingi. Tunawahi kukomunika, tunawahi bajaji kabla ya baraka ya mwisho. Tunawahi Kipaimara, tunawahi uongozi wa VIWAWA, tunawahi kuonekana tumekomaa kiroho. Si vibaya kuwahi. Swali ni moja: ukishafika, unafanya nini? Unasimama, au unaondoka?

Filimbi kwenye ukungu

Nikupe mfano wa nyumbani. Jumamosi ya Oktava ya Pasaka vijana wa parokia yetu tulifanya hija ya kupanda Kilele cha Mbeya, kupitia upande wa Mbalizi. Kilele kile kina zaidi ya mita 2,800, na Aprili unaijua, mvua haijamaliza maneno yake. Tulikuwa 23. Mwalimu wetu katekista, mzee anayeijua milima kuliko sisi sote, alituambia tangu usiku: ikisikika radi, tunageuka wote, hata kama zimebaki hatua mia. Mungu hajaribiwi, alisema, na maiti haisali Rozari. Mtu mmoja alicheka. Mwalimu hakucheka.

Radi haikuja. Ulikuja ukungu, na manyunyu yasiyoisha. Njia ikawa sabuni. Kufikia saa tatu asubuhi kundi lilikuwa limekatika vipande viwili. Wepesi 19 walikuwa juu, sisi wanne tulikuwa nyuma: Mwalimu, mimi, kijana mmoja aliyebeba maji, na dada mmoja ambaye kwa idhini yake naandika haya bila jina lake.

Huyu dada alikuwa mwimbaji wetu hodari. Kisha akapata mimba akiwa nyumbani kwa wazazi, na mwenye mimba akahama mji. Miaka miwili hakuonekana kwenye kwaya wala kwenye jumuiya. Alipoanza kurudi alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mara nyingi aliondoka kabla ya matangazo. Hija hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nasi. Mtoto alimwacha kwa mama yake.

Alikuwa anapanda hatua kumi, anasimama. Viatu vyake vilikuwa vya mtumba, soli imekwisha. Mara tatu alisema, "Mwalimu, nyie tangulieni, mimi nitawasubiri hapa mkishuka." Mwalimu akajibu kila mara, "Mwanangu, mimi mwenyewe nimechoka, tupumzike wote." Sijui kama alikuwa amechoka. Mzee yule hachoki.

Ndipo tukasikia filimbi. Fiii! Kimya. Baada ya dakika chache, fiii! Mwenyekiti wetu, kijana wa bodaboda, mwenye miguu myepesi kuliko wote, alikuwa ametangulia kufika. Wenzake walikuwa wamejibanza chini ya jiwe, mfuko wa viazi na maandazi umeshafunguliwa. Yeye, nilivyosimuliwa baadaye, aliufunga tena, akasema maneno mawili tu: "Bado wanne." Halafu akatoka pale palipokuwa pakavu, akasimama ukingoni kwenye manyunyu, akawa anapuliza filimbi ili tujue upande wa kuelekea. Wengine walinung'unika. Wawili walikuwa wameshameza andazi, nao walisema wenyewe. Lakini sala haikuanza, na chakula hakikugawiwa.

Tulifika karibu saa moja baada yao. Hakuna aliyetoa hotuba. Mwenyekiti alimpa dada yule mkono kwenye jiwe la mwisho, akasema, "Haya, sasa tumetimia." Tukasali, tukala. Viazi vilikuwa vya baridi na vitamu sana.

Wakati wa kushuka dada aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mlima sikuuogopa. Niliogopa kufika na kuwakuta mnakung'uta makoti mnataka kushuka."

Kijana mwenzangu, soma tena maneno hayo. Wangapi katika jumuiya zetu wanaogopa hicho hicho? Wala hawamwogopi Mungu, wala ungamo, wala njia ndefu ya kurudi. Wanaogopa kufika wakati sherehe imekwisha na watu wanakunja virago. Anayerudi baada ya kutoa mimba. Aliyeacha pombe mwezi uliopita, na Iringa msimu wa ulanzi umefika na kila kijiwe kinamwita. Aliyefeli kidato cha nne mara mbili, wenzake wako chuo. Anayeishi na virusi, hajamwambia mtu. Wote hao wanapanda. Hatuwaoni kwa sababu ya ukungu, ila wanapanda. Swali la kila mmoja wao ni moja: wenzangu bado wapo kule juu?

Na kama hafiki?

Wiki mbili baadaye nilikuwa Iringa, nikawasimulia habari hizi wanafunzi fulani wa chuo baada ya Rozari yao ya jioni. Walifurahi, wakauliza habari za viazi. Kisha binti mmoja akainua mkono. Akasema, "Ni nzuri. Lakini wenu alifika. Kaka yangu aliondoka nyumbani mwaka wa tatu huu, simu haipatikani. Mama anamwekea chakula mpaka leo. Na kama hafiki?"

Nikakaa kimya. Naona wahubiri wengi tungejibu haraka, na jibu la haraka lingekuwa tusi kwa mama yule.

Nimelibeba swali hilo mpaka leo, na haya ndiyo ninayoweza kusema. Dæhlie alisubiri kwa sababu alijua jambo moja: Boit alikuwa bado yumo njiani. Hakujua yuko kilomita ya ngapi, hakujua ameanguka mara ngapi, lakini hakuna aliyekuwa amemfuta kwenye orodha. Kumngoja mtu ni kukataa kumfuta. Ndivyo alivyofanya baba wa mwana mpotevu, Luka sura ya 15. Injili inasema alimwona mwanawe akiwa bado mbali. Unamwonaje mtu aliye mbali kama hukuwa unaangalia njia? Siku ngapi aliangalia njia ile ikiwa tupu, Injili haisemi. Huenda sahani nayo ilikuwa inawekwa.

Mama wa Iringa anayeweka chakula kila jioni anafanya kazi ya Mungu Baba, hata kama machozi yanamzuia kuliona hilo. Petro anaandika katika waraka wake wa pili, 2Pet 3:9, kwamba kile tunachokiona kama kuchelewa kwa Bwana ni uvumilivu wake, kwa kuwa hataki hata mmoja apotee. Yaani tangu alfajiri ya dunia Mungu ni mtu wa kusubiri kwenye mvua.

Na sisi Wakatoliki hatusubiri walio hai tu. Kila Misa tunawataja marehemu. Wapo ndugu zetu waliolala barabarani, kwenye mteremko wa Kitonga, kwenye ukungu wa Uyole, wengine hawakupata hata nafasi ya kusema samahani. Kanisa halijasema safari yao imeishia kwenye kaburi. Linawaombea. Hiyo nayo ni filimbi: tunapuliza upande wetu, na kuwakabidhi kwa yule anayeona ng'ambo ya ukungu.

Nilimwambia binti yule sehemu tu ya haya. Tukamaliza kwa kulitaja jina la kaka yake kwenye sala. Ukiwa unasoma hapa, sitakupa jina, ila nakuomba Salamu Maria moja kwa ajili yake. Sasa hivi, kabla hujaendelea.

Kijana wa Torino

Asante. Sasa turudi Torino, mji wa Olimpiki ile ya mwaka 2006.

Watu wa Iringa mji huo mnaudai kidogo. Wamisionari wa Konsolata walianzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Walifika Iringa mwaka 1919, na Tosamaganga ikawa moja ya misioni zao kubwa. Ukipanda mpaka hospitali ya Ikonda kule Makete, kwenye baridi kali, ukakuta foleni ya watu kutoka Mbeya, Njombe na mbali zaidi, ujue hiyo nayo ni kazi ya Konsolata.

Mwaka huo huo wa 1901, katika mji huo huo, alizaliwa Pier Giorgio Frassati. Baba yake alikuwa tajiri, mwenye gazeti la La Stampa. Kijana huyu alipenda milima kupita kiasi. Alipanda Alps na marafiki zake, akateleza kwenye theluji, akavuta kiko, akafanya utani mwingi. Lakini hakuwa mtu wa kukosa Misa kwa sababu ya mlima, na kabla ya safari alihakikisha amesali. Pesa yake ya nauli aliwapa maskini, kisha akakimbia kwa miguu ili awahi chakula nyumbani.

Mwenye miguu mizuri ya mlimani aliitumia pia kupanda ngazi za nyumba za wagonjwa na wahitaji, kimya kimya, wazazi wake wasijue. Mwaka 1925 akaugua polio. Inaaminika aliipata kwa hao hao aliokuwa anawatembelea. Siku moja kabla ya kufa, mkono ukiwa umeanza kupooza, aliandika kikaratasi kwa mwandiko uliopinda, akimwomba rafiki yake ampelekee maskini mmoja dawa zake za sindano. Akafa tarehe 4 Julai, akiwa na miaka 24. Siku ya mazishi wazazi walishangaa kuona barabara imejaa maskini wasiowajua. Tarehe 7 Septemba 2025 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, siku moja na Carlo Acutis.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake alipigwa picha akiwa anapanda mwamba, na juu ya picha ile akaandika maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "kuelekea juu". Vijana wengi duniani wanayapenda maneno hayo. Mimi nayapenda pia, lakini nayasoma pamoja na kile kikaratasi cha dawa. Kuelekea juu bila kikaratasi ni mbio za mtu mmoja.

Moto wa makaa

Nimalizie na Injili, ile inayosomwa Ijumaa ya Oktava ya Pasaka, siku moja kabla ya hija yetu. Wanafunzi saba wamevua samaki usiku kucha, hawakupata kitu. Kumekucha, wamechoka, wana baridi. Ufukweni kuna mtu amesimama.

Huyo amemaliza mbio ambazo hakuna mwingine angeweza kuzimaliza. Ameshinda dhambi, ameshinda mauti. Kama kuna mtu alistahili kwenda moja kwa moja kwenye jukwaa la ushindi ni yeye. Naye yuko wapi alfajiri ile? Amewasha moto wa makaa, amebandika samaki, ana mkate, anawasubiri watu waliomkimbia. Petro, aliyemkana mara tatu karibu na moto wa makaa mwingine, anafika amelowa chapachapa. Bwana anamwita aje ale kwanza. Maswali magumu yanakuja baada ya kifungua kinywa.

Hapo ndipo neno la Paulo linapopata mzizi wake. Tunangojana kwa sababu tuliwahi kungojwa. Hakuna kati yetu aliyefika kwa kasi yake. Kila mmoja aliyepo juu leo aliongozwa na filimbi ya mtu: bibi aliyesali, katekista aliyesema amechoka, padre aliyekaa kwenye kitubio saa nzima akisubiri mtu mmoja.

Tufanye nini wiki hii?

Mambo matatu, madogo, ya kweli.

Kwanza, mtafute mmoja. Wanane ni wengi. Mtu mmoja aliyekuwa pamoja nanyi kwenye kwaya, TYCS, VIWAWA au jumuiya, na sasa haonekani. Mpigie, usimtumie tu meseji ya kikundi. Usimuulize kwa nini haji. Mwambie tu mnamkumbuka na nafasi yake ipo.

Pili, punguza mwendo wa kikundi chako. Mlimani wakati wa ukungu kundi linatembea kwa mwendo wa aliye nyuma, na lazima mtu imara akae mwisho. Mkipanga hija, mchango wa sare au semina, ulizeni: yule asiye na kitu atafikaje? Kama sare ya elfu 30 inamwacha mtu nyuma, imbeni na nguo mlizo nazo. Mungu anasikia sauti.

Tatu, kama wa mwisho ni wewe, usikae chini. Mhubiri anasema, 11:4, kwamba anayeangalia upepo hatapanda mbegu, na anayetazama mawingu hatavuna. Usingoje maisha yakauke ndipo uende kuungama. Nenda hivyo hivyo na tope lako. Aliye wa 92 naye alimaliza, na aliyemsubiri mwishoni ndiye aliyekuwa bingwa.

Tusali

Bwana Yesu, uliyesimama ufukweni alfajiri ukiwangoja rafiki zako waliochoka, tunakushukuru kwa kuwa hukuondoka. Wafundishe miguu myepesi kusimama, na walio nyuma uwape hatua moja zaidi. Wakumbuke wote ambao leo hatuwaoni kwa sababu ya ukungu, na mama zao wanaowawekea chakula. Usituache tukae mezani pako bila kuwangoja ndugu zako. Wapokee marehemu wetu mahali ambapo hakuna anayefika amechelewa. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.
Mtakatifu Giuseppe Allamano, utuombee.
Bikira Maria, Mama wa Konsolata, utuombee.